Sabuni yangu ya mawese ilivyopata alama ya ubora

Mama mmoja wa Ujiji alinirudishia kipande cha sabuni, kakifunga kwenye pindo la kanga. Akanionyesha viganja: vimebabuka, vyekundu mpaka katikati ya vidole. “Mwanangu, umeweka nini humu?” Sikuwa na jibu. Kipande chake kilitoka sufuria ya siku gani, sikujua. Ikabidi nipite soko la Mwanga duka kwa duka, nikusanye sabuni zote na kurudisha hela za watu.

Mpaka siku hiyo nilikuwa nawakwepa TBS, Shirika la Viwango Tanzania, wanaotoa alama ya ubora. Sisi wapika sabuni tulishaambizana kwamba viwango ni mambo ya viwanda vikubwa, na ukijipeleka mwenyewe umejifungia biashara. Nilikwenda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, moyo ukinidunda, nikaandikiwa barua ya utambulisho. Kumbe mjasiriamali mdogo anayepitia njia hiyo hubebewa na serikali gharama za kupimiwa bidhaa na kupata alama kwa miaka mitatu ya mwanzo. Na kwa kuwa usimamizi wa vipodozi ulitoka TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, kwenda TBS Julai 2019, sabuni ya kuogea ina mlango mmoja tu wa kubisha.

Kazi yenyewe ilikuwa jikoni kwangu. Mtaalamu aliyenielekeza alidondosha tone la dawa isiyo na rangi juu ya kipande changu. Likageuka waridi palepale. Maana yake kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, imebaki, haijamalizwa na mafuta. Akaniuliza napimaje, nikamwonyesha kikombe cha plastiki.

Kilo ya mawese inahitaji kostiki gramu 141 hivi. Kilo ya mise, yaani mafuta ya kokwa la mchikichi, inahitaji kama 176. Mimi mise ikiadimika nilikuwa najazia mawese, kikombe kikabaki kilekile. Ile iliyozidi ndiyo iliyomla mama wa watu mikono. Niliumia sana kulijua hilo.

Nikanunua mzani wa kidijitali. Sasa kila kilo ya mafuta ni gramu 700 za mawese, 300 za mise, na kostiki 144, ambayo nimeipunguza asilimia 5 ili mafuta ndiyo yazidi. Sufuria za alumini nikaziondoa, maana kostiki huzila.

Fomu hazikunitesa. Kilichonitesa ni wiki sita za kukausha, mtaji umelala kwenye rafu na ada ya mtoto inadaiwa. Mwenye kiwanda ana mzigo mwingine wa kuuza wakati anasubiri. Mimi nilikuwa na rafu hiyo moja. Nilivuka kwa kuuza mawese ya kupima kwa chupa. Laiti ningejua, ningepika kidogo kidogo kila wiki tangu mwanzo.

Lebo nazo zilinigharimu. Nilichapisha “gramu 100” kwa uzito wa siku ya kukata, sabuni ilipokauka ikasoma 88. Lebo zote nikazitupa. Siku hizi nakata 115.

Alama niliipata. Lakini ninachokishika kila siku ni daftari: namba ya toleo, yaani ya kila sufuria niliyopika, tarehe, uzito wa kila kitu. Juzi mwenye duka wa Mwandiga kapiga simu, sabuni zinapasuka pembeni. Nikamwambia, “Kaka, nisomee namba iliyo chini ya lebo.” Ilikuwa 31. Nikafungua ukurasa: siku hiyo nilipunguza maji. Vipande 40, maduka mawili, na kabla ya magharibi vyote vilikuwa vimerudi kwangu.