Siku Moja Maishani Mwangu: Januari, Saa kwa Saa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Huku latitudo ya nyuzi 55 kaskazini, katikati ya Januari, nje bado ni usiku, na jua halitachomoza mpaka saa mbili imepita. Kabla ya simu nawasha taa ya kupunguza huzuni ya majira ya giza, yenye lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga). Inakaa sentimita 40 hadi 60 kutoka usoni, upande kidogo, macho wazi bila kuikodolea, dakika 20 hadi 30. Wengi huiweka ng'ambo ya meza kisha wakalalamika haisaidii. Umbali ukiongezeka, mwanga hupungua upesi sana. Mwenye maradhi ya retina (utando wa nyuma ya jicho) au bipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) amwone daktari kwanza.

Mbele ya taa hiyohiyo nasoma Zaburi ya 130. Ina mistari minane tu: kwa sauti, polepole, mara mbili. Mstari wa sita unawataja walinzi wanaoingojea asubuhi, kisha unawataja tena. Marudio hayo hayarukwi, maana zaburi yenyewe inahusu kungoja. Anayejipangia sura tano kila alfajiri kwa azimio la mwaka mpya mara nyingi huwa ameacha kabla mwezi haujaisha.

Saa tatu, kazini. Barua pepe, kikao, barua pepe.

Saa nne. Hapa ndipo penye shughuli. Evagrio wa Ponto, mtawa wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, aliandika kwamba pepo wa uchovu wa roho humvamia mtawa yapata saa nne na kumzingira hadi saa nane, akilifanya jua lionekane limeganda na siku ina saa 50. (Saa alizihesabu kama sisi, tangu mapambazuko.) Kwake jua halikusogea, huku kwetu halionekani, lakini dalili ni zilezile: kuchungulia dirishani kila mara, kutamani kuhama, kuiona kazi haina maana. Dawa yake ya kwanza ilikuwa kutotoka chumbani. Mezani kwangu ni kutoinuka kabla ya kumaliza jambo moja dogo. Ya pili ni kujigawa nafsi, sehemu moja iifariji nyingine kwa maneno ya Zaburi ya 42: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama?" Kosa la kawaida ni kuliuliza swali hilo kwa kujikaripia.

Saa sita na nusu natoka nje dakika 20, hata kukiwa na mawingu. Adhuhuri yenye mawingu mazito bado hupita lux 1,000, ilhali ofisi nyingi hazifiki 500. Sivai miwani ya jua.

Saa kumi na robo jua linazama, nami naandika dakika yake daftarini. Jioni ndiyo ya kuangaliwa: baada ya tarehe 21 Desemba machweo yanasogea mbele wakati mawio bado yanazidi kuchelewa hadi karibu mwaka mpya, kwa hiyo anayesaka ahueni asubuhi hukata tamaa bure. Mwishoni mwa Januari siku hurefuka zaidi ya dakika 3 kila siku. Tarehe 2 Februari, siku ya 40 ukihesabu na Krismasi yenyewe, makanisa mengi hubariki mishumaa. Nina miadi ya kwenda na mtu, kwa kuwa peke yangu baridi itanishinda.

Saa tatu usiku, taa hafifu, dakika 10 za kuipitia siku. Shukrani kwanza, ya kitu mahususi: chai iliyokuwa moto, mwenzangu aliyenicheka vizuri. Ukianza na makosa, inageuka kesi. Na huzuni ikikaa wiki mbili karibu kila siku, usingizi na hamu ya chakula vikivurugika, hiyo si imani haba. Ni ya kupelekwa kwa daktari. Mawazo ya kujiua hayangojei hata kesho.

Usiku ambao shukrani haipatikani kabisa, nasoma Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila kupoozwa, na siongezi neno la kuitia tumaini.