Kumbukumbu ya mradi: kugawa gharama za bomba la maji kwa haki

Nataka programu ambayo majirani wanaochangia kitu kimoja wanaipa gharama zao, nayo inawapa mgawo ambao yeyote anaweza kuuhoji akapata jibu. Mfano wangu ni wa huku kwetu Moshi: bomba linaloteremka kutoka kwenye banio (mahali maji yanapochotwa mtoni), likipita kihamba kimoja (shamba la nyumbani) hadi kingine.

Hatua ya kwanza: nyumba tatu

Kufikisha bomba nyumba ya juu ni shilingi 300,000. Kutoka hapo hadi ya kati ni 300,000 nyingine, na kutoka ya kati hadi ya chini ni 600,000. Jumla 1,200,000. Ukigawa kwa tatu, kila mmoja anatoa 400,000. Lakini mwenye nyumba ya juu akivuta bomba lake mwenyewe anatumia 300,000 tu, sasa achangie 400,000 kwa lipi?

Jibu nililolichagua ni la Lloyd Shapley, Mmarekani aliyeliandika mwaka 1953 (mwaka 2012 alipata Nobel ya uchumi pamoja na Alvin Roth). Wapange watu foleni kwa kila namna inayowezekana. Kila anayeingia abebe gharama anayoiongeza juu ya waliotangulia, kisha chukua wastani wa foleni zote. Kwa watu watatu foleni ni sita, nimezipiga kwa mkono kwanza: nyumba ya juu 100,000, ya kati 250,000, ya chini 850,000.

Zitazame vizuri hizo namba. Ni sawasawa na kugawa kila kipande cha bomba kwa nyumba zinazokitumia! Watafiti Littlechild na Owen walilionyesha hili mwaka 1973 kwa gharama za njia ya kurukia ndege, ambako ndege kubwa huhitaji njia ndefu zaidi. Mgawo wa namna hii naweza kuusimamia kwenye kikao cha kitongoji nikiwa na kijiti na mchanga tu, na kwangu hiyo ni sifa kubwa kuliko wepesi wa programu.

Nyumba zikiongezeka

Foleni za watu 10 ni 3,628,800. Za watu 20 ni namba yenye tarakimu 19, haziendeki. Lakini gharama anayoiongeza mtu inategemea ni akina nani waliomtangulia, si mpangilio wao. Kwa hiyo nimeacha kuhesabu foleni, nahesabu makundi yanayoweza kuundwa: kwa watu 20 ni 1,048,576, na gharama ya kila kundi naihifadhi mara moja tu. Kompyuta yangu ya kawaida inayamudu. Zaidi ya hapo nachukua foleni chache kwa bahati nasibu. Kosa hupungua polepole: ukitaka lipungue kwa nusu, ongeza foleni mara nne.

Unene wa bomba

Hapa ndipo nilipo sasa, na ndipo palipo patamu. Kanuni ya vipande hutosha pale ambapo bomba lile lile linamhudumia yeyote anayeongezeka. Je, wakizidi wawili likahitajika bomba nene?

Chukua nyumba tatu zilizo jirani kabisa. Mmoja au wawili wanatosheka na bomba la 300,000. Watatu wanahitaji la 540,000. Kushirikiana wote bado ni nafuu, maana wawili pamoja na mmoja wa peke yake wangetumia 600,000. Shapley anampa kila mmoja 180,000. Lakini wawili wowote wanalipa 360,000, wakati wangejitenga wangelipa 300,000.

Nikajaribu kutafuta mgawo mwingine wa kuwatuliza. Haupo. Kila jozi isilipe zaidi ya 300,000. Jozi ni tatu, jumla 900,000. Katika jozi hizo kila nyumba imehesabiwa mara mbili, kwa hiyo jumla hiyo lazima iwe 540,000 mara mbili, yaani 1,080,000. Haiwezekani kabisa, hata mgawanyaji awe na busara kiasi gani.

Kwa hiyo programu sasa inapitia makundi yote baada ya kugawa, na kuyataja yale yenye sababu ya kujitoa na kwa shilingi ngapi. Kinachofuata ni kuongeza njia ya mtafiti David Schmeidler ya mwaka 1969, inayotafuta mgawo ambao lalamiko kubwa kuliko yote linakuwa dogo iwezekanavyo. Kwa nyumba hizi tatu itatoa 180,000 zile zile, kwa kuwa ziko sawa kwa kila hali. Nataka kuiona kwenye bomba lenye matawi.