Sukari kichwani mwa H3N2

Mtaani neno "mafua" linabeba kila kitu, kuanzia kamasi za siku mbili hadi homa inayomlaza mtu wiki nzima. Hapa nazungumzia hiyo ya pili, influenza, na hasa H3N2, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sumbufu kuliko nduguze.

Kirusi cha influenza A kina vipande 8 vya RNA, maandishi yake ya urithi, jumla herufi kama 13,500. Kimeng'enya kinachozinakili hakisahihishi kazi yake. Kikikosea, kosa linabaki. Makosa mengi hukiharibu kirusi chenyewe. Machache huangukia kichwani mwa hemaglutinini, protini inayochomoza nje na kushika seli zetu za njia ya hewa, na hapohapo ndipo kingamwili zetu hulenga. Badiliko moja pembeni mwa kishikio hicho laweza kutosha kuzipoteza. (Njia ya pili ni kubadilishana vipande vizima: H3N2 yenyewe ilizuka 1968 baada ya kirusi cha binadamu kuchukua vipande viwili kutoka kwa kirusi cha ndege.)

Mfano ninaoupenda ni wa 2014. Februari mwaka huo WHO, Shirika la Afya Duniani, ilipendekeza kirusi cha H3N2 kiitwacho A/Texas/50/2012 kwa chanjo ya kaskazini mwa dunia, kwa kuwa kuitengeneza huchukua takriban miezi sita. Katika miezi hiyo likaenea kundi la H3N2 linaloitwa 3C.2a. Nafasi ya 160 ya hemaglutinini yake ilikuwa imetoka lisini kuwa threonini, zote amino asidi, yaani vijenzi vya protini. Badiliko dogo, lakini seli hufunga mnyororo wa sukari kwenye asparagini, amino asidi nyingine, pale tu amino asidi ya pili baada yake inapokuwa threonini au serini. Asparagini ilikuwepo tayari, nafasi ya 158. Sukari ikaota, ikafunika eneo lililokuwa wazi, na kingamwili za zamani zikakosa pa kushika. Marekani chanjo ya msimu ule ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 19 tu.

Mabadiliko kama haya hutafutwa kwa kipimo cha sahani ya visima 96. Seramu, yaani majimaji ya damu yenye kingamwili, ya fereti (mnyama mdogo wa maabara) aliyeambukizwa kirusi cha chanjo huzimuliwa 1:10, 1:20, 1:40 na kuendelea, kisha kila kisima hutiwa kirusi kipya na chembe nyekundu za damu ya bata mzinga au nguruwe wa Guinea. Kingamwili zikishinda, chembe hutulia chini kama kitone. Kirusi kikishinda, chembe hushikana na kutanda. Tofauti ya kisima kimoja haina maana. Ikifika mara nane, yaani visima vitatu, watu huanza kukuna vichwa. Kosa la kawaida ni kutoisafisha seramu kwa kimeng'enya kutoka kwa bakteria wa kipindupindu, saa 18 hivi kwenye nyuzi 37, kisha dakika 30 kwenye nyuzi 56 ili kukizima. Ukiruka hatua hiyo, sukari za seramu yenyewe hukinasa kirusi, nawe utadhani kinga ni kali. Virusi vingi vya 3C.2a vilizidi kwa ukaidi: havikushikanisha damu vya kutosha hata kupimika, ikabidi vipimwe kwa kuzuiwa kuingia kwenye seli hai.

Basi mbegu ya chanjo, yaani kirusi kinachotumika kuitengeneza, ikabadilishwa, ikawekwa A/Hong Kong/4801/2014, ya kundi hilohilo. Ingetosha, kama si mayai. Chanjo nyingi hukuzwa kwenye mayai ya kuku yaliyoatamiwa siku kumi hivi, na sehemu za seli ambazo kirusi hushika humo si kama za binadamu. Kirusi hujirekebisha ili kiote. Safari hii kilirudisha lisini kwenye nafasi ya 160, na sukari ikadondoka. Watu wakachanjwa dhidi ya kichwa kisicho na kofia, huku nje kikizunguka chenye kofia. Chanjo ya protini iliyotengenezwa kwenye seli za wadudu, bila yai, ilibaki na sukari yake, na kingamwili zake zilikizuia vizuri zaidi kirusi cha mitaani.

Ndiyo maana siku hizi orodha ya WHO huwa na majina mawili kwa nafasi moja. Jina lenyewe husomwa hivi: aina, mahali, namba ya sampuli, mwaka. Kwa msimu wa 2022 wa kusini, chanjo za mayai ziliandikiwa A/Darwin/9/2021, na za seli A/Darwin/6/2021. Mji mmoja, mwaka mmoja, ila 9 ndiyo iliyokubali yai.