Sita au Saba

Mke wangu alikiita kisahani changu cha kurusha mfuniko tangu siku niliyokileta nyumbani. "Baba, na huo mfuniko wako unaupeleka wapi asubuhi yote hii?" Nikamwambia mashindanoni. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Ilikuwa Julai 2022. Nilikuwa na miaka 60, nimestaafu miezi michache tu nyuma baada ya miaka zaidi ya 30 ya kushika vitabu vya hesabu serikalini, ile ya mwisho hapa Dodoma tulikohamia na wizara. Kijana wa jirani ndiye aliyenifundisha gofu ya visahani. Badala ya mpira na shimo, kuna kisahani cha plastiki na kapu la chuma lenye minyororo. Unahesabu mirusho mpaka kiingie; mwenye michache ndiye mshindi. Kapu hilo la minyororo alilibuni Mmarekani Ed Headrick miaka ya 1970. Alipofariki 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki ya visahani, kama alivyousia. Hilo sikumwambia mke wangu. Angekitupa changu siku hiyohiyo.

Uwanja ulikuwa pori la migunga, njia ya Hombolo: makapu tisa aliyoyachomelea fundi wa gereji, na mbuzi wasio na habari na sisi. Vijana walikuja na visahani vitatu vinne kila mmoja: cha ukingo mwembamba cha kwenda mbali, cha katikati, na cha ukingo butu cha kumalizia. Mimi nilikuwa nacho hicho cha kumalizia tu, nikakitumia kwa kila kitu.

"Shikamoo mzee. Leo upepo upo."

Marahaba, lakini nani wa Dodoma anaambiwa habari za upepo wa Julai? Ukirusha kuukabili huku pua ya kisahani iko juu, kinapaa kama tiara, kisha kinakurudia. Makapu matano ya kwanza niliyamaliza hivyo, nikienda mbele na kurudi nyuma.

La sita lilikuwa juu ya mteremko unaoishia korongoni. Mrusho wa tatu uliniacha hatua kama kumi kutoka kapuni. Nikalenga, nikasikia minyororo inalia, nikainua mikono. Kumbe kiligusa mnyororo wa pembeni. Kikaanguka kwa ukingo, kikasimama wima, upepo ukakipokea. Kikaanza kuviringika kama ringi ya baiskeli mbele ya mtoto, kikapita katikati ya mbuzi wawili, nami nyuma yake na goti langu bovu, vijana wanapiga kelele "Kimbia mzee!" Kikazama korongoni.

Mrusho wa tano uligonga ukuta wa korongo, kisahani kikarudi miguuni kwangu. Wa sita ukatoka. Wa saba nilikitumbukiza nikiwa nimeliinamia kapu kabisa.

"Sita, mzee?" aliuliza kijana aliyeshika kadi. Alikuwa amesimama juu, ule wa tano hakuuona. Nikaitikia kwa kichwa. Pumzi ya kusema sikuwa nayo.

Mchezo huu hauna refa anayekufuata, mnahesabiana wenyewe. La saba na la nane nilicheza nikiwa na ile sita kooni. Nilishawarudishia watu vocha kwa upungufu wa shilingi mia! Nikajiambia ni mchezo tu. Kisha nikajiambia kwamba mrusho usioondoka pale ulipo si mrusho.

Kadi zilisomewa chini ya mbuyu. Makapu tisa, kila moja linakadiriwa mirusho mitatu, yaani 27. Mshindi alikuwa na 26. Mimi 51. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, naye 51. Akanipa mkono. "Afadhali baba, mkia tumeushika wawili."

Mkono wake ulikuwa bado umo mkononi mwangu niliposema, "Kijana wangu, la sita ni saba."

"Aa, mzee, yaishe. Yameshasomwa."

"Andika saba."

Mama akautoa mkono wake taratibu. "Basi huo mkia ni wako, baba."

Kijana akaikata sita, akaandika saba juu yake, akataka kuifunika kalamu. Nikamwambia bado, asaini pale alipokata. Akanitazama, akatazama wenzake, akasaini.