Peni ya babu: mwili Mmarekani, kifuniko Mwingereza

Kwanza niseme tu, kama kuna mtu kakushauri uloweke kalamu ya zamani kwenye spiriti, mrudishie ushauri wake. Mimi niliufuata. Nitafika huko.

Babu yangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge Tanga. Alipofariki aliacha saa mbovu, redio ya mbao na kalamu moja ya wino ambayo sisi wajukuu tulikuwa hatuthubutu hata kuigusa. Juzi juzi bibi kanipa, kasema chukua wewe unayependa makorokoro. Nyeusi, kifuniko rangi ya dhahabu, klipu ina umbo la mshale, nibu, kile kichuma cha kuandikia, imejificha ndani inachungulia kincha tu kama kobe. Binamu yangu akaitazama sekunde tano akasema hiyo dhahabu tupu, hapo una milioni mbili. Basi ikawa balaa, maana ndugu wakishasikia milioni mbili hawasikii kingine tena.

Mshale ni alama ya Parker, kampuni ya kalamu ya Marekani, hilo halihitaji elimu. Tabu ni Parker gani, maana zenye nibu ya kujificha ziko kadhaa, kuna 51, kuna 21, kuna 61, halafu kuna za Kichina, Hero, zimeigwa vizuri mpaka zikichanganyika mezani unaweza kuondoka na isiyo yako. 61 niliitoa haraka, ile ina kimshale kidogo cha chuma kimepachikwa juu ya nibu na yangu haina. Hero kifuniko kingejitaja chenyewe. Zikabaki 51 na 21, na 21 ilikuwa ya bei nafuu, nibu yake siyo dhahabu. Kwa hiyo jibu liko ndani, na ndani hakufunguki bila kutoa mdomo, ile sehemu ya mbele inayofunika nibu.

Nikaenda kwa fundi saa mmoja Kariakoo, mzee mwenye ile miwani ya jicho moja, unamuona tu unaamini. Akaigeuza geuza, akaniambia "kijana, mdomo huu umegandishwa na gundi, loweka kwenye spiriti usiku mmoja utaachia wenyewe." Nikampa buku mbili ya soda, nikashukuru, nikapita famasi. Nikaisimamisha kwenye kikombe cha kahawa, mdomo chini, nikakaa kuangalia mpira. Mapumziko nikaenda kuchungulia. Kwenye ukingo wa mdomo kulikuwa na vimistari vyembamba vyembamba, kama tope la bwawa lililokauka! Kumbe Parker 51 imetengenezwa kwa akriliki, aina ya plastiki, wenyewe waliiita Lucite, na akriliki na spiriti haviishi nyumba moja. Nilirudi kwa mzee kesho yake nimevimba, akaiangalia tena akasema ilikuwa na nyufa toka mwanzo. Ndiyo nimwambie nini.

Sasa sikilizeni njia iliyofanya kazi, na hii nimeibuni mwenyewe kwa asilimia kubwa. Ile gundi ni shelaki, hii hii mafundi fanicha wanayopaka mbao, na shelaki inalainika kwa joto. Nikaenda saluni kwa dada, nikasubiri mteja atoke, nikaomba draya. Dada anauliza unakausha nini, nikamwambia kalamu, akaita wenzake waje waone. Nikapuliza moto mdogo kwa mbali, nazungusha zungusha kama mtu anayechoma mahindi, nikihisi inaanza kuunguza kidole napumzika, narudia tena. Koleo sikutaka hata kuiona. Nilikata kipande cha tyubu ya baiskeli nikakizungusha kwenye mdomo, kingine kwenye kiwiliwili, nikasokota kwa mikono mitupu. Mara ya kwanza wapi. Ya pili wapi. Ya nne nikasikia "krik" ndogo, roho ikapaa nikidhani imevunjika, kumbe imeachia! Saluni nzima ilipiga makofi na mimi nikainama kidogo kama msanii.

Ndani, nibu yenyewe ni kitu kidogo ajabu, kimekunjwa kama kimrija, na chini ya ule wino mkavu kimeandikwa 14K, yaani dhahabu ya karati 14. Kwa hiyo 51. Nikaiacha kwenye maji ya kawaida siku mbili, wino wa babu ukawa unatoka taratibu, bluu nzito inayokaribia weusi, nikawa naona vibaya kuumwaga.

Mrija wa wino nao unasema umri. Za mwanzo, kuanzia 1941, zilijazwa kwa kusukuma kidude cha mkiani. Hii ina kifuko ndani ya ganda la chuma lenye maelezo ya jinsi ya kubonyeza, hayo mambo ya 1948 na kuendelea. Kifuko bado laini! Nimekibonyeza kikavuta maji kama cha jana, wakati viatu vyangu vya mwaka juzi vimeshabanduka soli.

Kwenye kiwiliwili kulikuwa na maandishi yamefutika, kwa macho huoni kitu. Nilichukua poda ya mtoto, nikasugua kwa kidole, nikapangusa juu juu, poda ikabaki kwenye mikwaruzo ya herufi tu. Tochi nikaiweka ubavuni, siyo kwa juu, halafu nikapiga picha na simu nikaivuta. PARKER "51" MADE IN U.S.A., na pembeni yake namba 9 na nukta moja. Hiyo 9 ni mwaka, nukta ni robo ya mwaka, na zinahesabiwa kwa kupungua, tatu ni robo ya kwanza, moja ni ya tatu. 1939 haiwezekani kwa sababu 51 ilikuwa haijaingia sokoni, basi ni 1949, kati ya Julai na Septemba. Nilimpigia binamu saa tano usiku kumwambia. Akaniuliza kwa hiyo ni milioni ngapi.

Furaha ikakatikia juani. Nilitoka nayo nje mchana nikaona mdomo ni bluu. Bluu ya usiku kabisa, kwenye taa ya ndani utaapa ni nyeusi, ila juani ukiweka na kiwiliwili bega kwa bega unaona hivi havikuzaliwa pamoja. Nikakimbilia kifuniko. Pale chini pameandikwa 1/10 16ct na MADE IN ENGLAND. Sasa kiwiliwili cha Janesville, Wisconsin, Marekani, kinavaaje kofia ya kiwanda cha Newhaven, Uingereza? Na kwenye kofia kuna herufi tatu za jina la mtu zimechongwa kwa mwandiko wa kujikunja, na hakuna hata moja ya babu.

Binamu hakukubali mpaka twende kwa sonara. Sonara naye akaanza kwa kutabasamu, hii dhahabu hii. Nikamuonyesha ile 1/10, maana yake dhahabu ni ganda la juu, sehemu moja kwa kumi ya uzito, na dhahabu yenyewe ni ya karati 16 siyo 24. Kifuniko tuseme gramu 8, dhahabu safi hapo ni nusu gramu na ushee, na ukiiyeyusha umeua kifuniko. Binamu alinyamaza njia nzima mpaka Buguruni.

Bei nilizitafuta mwenyewe. Usiangalie bei wanazoomba watu mtandaoni, mtu anaweza kuomba dola 900 akae nayo mpaka azeeke, angalia zilizouzwa kweli. 51 za aina hii zikiwa kamili na nzima nilizoziona zilicheza kwenye dola 60 mpaka 120 hivi. Yangu ina wazazi watatu, herufi za mtu baki, na nyufa za spiriti, hizo ni zangu. Jamaa mmoja Nairobi anayekusanya aliona picha akataja laki mbili za Kitanzania. Nikamweleza ukweli wote, mdomo, kofia, hata draya. Akashuka hadi laki na ishirini.

Jumamosi nikaenda Tanga kumsomea bibi ripoti. Akacheka sana kwenye kofia. Kumbe babu alipoteza kifuniko chake, akakaa miezi anaifunika kalamu na kizibo cha chupa ya dawa, mpaka mhasibu mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao akamuachia kalamu yake iliyovunjika. Babu kaipasua mwenyewe, kachukua alichohitaji. Nikamwambia ndiyo maana bibi, hii siyo ya kuuza, hii ni historia, na huyo jamaa wa Nairobi laki na ishirini yake abaki nayo.

"Laki na ishirini?" bibi akasema. "Kalamu? Na umekaa hapo unaniangalia?"