Moto wa Oktoba, Juu ya Marangu

Mwaka 2020 sisi wagumu, yaani wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, tulikuwa hatuna kazi. Anga ya Tanzania ilifunguliwa tena Mei, ndege za wageni zikaruhusiwa kutua, lakini corona ilikuwa imewafungia watu huko kwao. Mpaka Oktoba ungeweza kukaa getini Marangu tangu asubuhi hadi jua la utosi usione gari la kampuni hata moja. Waliozoea kubebea wazungu mizigo ya kilo 20 hadi Kibo walikuwa wameshaingia kwenye bodaboda, na wengine walishuka Himo kulima nyanya. Mimi nilibaki kihambani kwa mama, nakata majani ya ng'ombe, napalilia kahawa, na jioni nasikiliza magari ya kampeni yakipita na vipaza sauti, maana uchaguzi ulikuwa tarehe 28 mwezi huohuo.

Moto ulianza Jumapili, tarehe 11. Mchana ule moshi ulionekana lakini hakuna aliyeshtuka. Oktoba ni mwisho wa kiangazi, moshi upo kila upande: huku mtu anachoma mabua, kule mrina asali anafukuza nyuki. Kilichotushtua ni kwamba kufikia saa kumi na moja ule moshi ulikuwa umepanda juu kuliko msitu wenyewe, mnene, rangi ya maziwa yaliyoungua, na ulikuwa umelifunika lile pengo ambalo kwa kawaida tunamwona Mawenzi, kile kilele cha mashariki.

Usiku shemeji yangu aliyeko Moshi mjini akapiga simu.

"Shemeji, mlima wenu unaungua. Huku tumetoka nje mtaa mzima, tunaona mstari mwekundu."

Nikamuuliza umefika wapi.

"Nyie mko hapohapo chini yake halafu mnaniuliza mimi?"

Ndivyo ilivyokuwa kweli. Mtu wa mjini aliuona moto wote kama picha ukutani. Sisi tulioishi chini ya kilele tulizibwa na migomba, mteremko na msitu, tukaona wekundu tu kwenye mawingu. Habari za moto wetu tulizipata kwa WhatsApp. Kesho yake ndipo tuliposikia tangazo la TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwamba ulianzia Whona, pale kwenye kituo cha kupumzikia wageni wa njia ya Mandara na Horombo. Napajua Whona. Nimekula hapo ugali baridi mara nyingi, nimekaa juu ya mzigo.

Jambo ambalo watu wa mbali hawakulijua ni kwamba moshi ulitujia usiku. Mchana upepo wa mlimani unapanda, unasukuma kila kitu juu. Jua likizama unageuka na kushuka. Kwa hiyo ungeweza kushinda na anga safi kabisa, ukajidanganya kwamba mambo yametulia, halafu ikifika saa tatu usiku moshi unashuka taratibu kati ya migomba mpaka chumbani. Mama yangu amepika kwa mafiga matatu maisha yake yote, macho yake yamezoea moshi tangu utotoni, lakini ule ulimshinda.

"Moshi huu hauna adabu," alisema, akaloweka kanga kwenye beseni, akaifunga dirishani.

Ng'ombe alikohoa usiku kucha. Jirani yetu mwenye pumu alihamishiwa Himo kwa binti yake. Barakoa za kitambaa ambazo tuliambiwa tuzivae mwezi wa nne, na ambazo kufikia Oktoba hakuna aliyezikumbuka, zilitafutwa tena makabatini. Asubuhi ukipitisha kidole juu ya jani la mgomba kinatoka na majivu mepesi, ya kijivu, ambayo ukiyafikicha yanapotea.

Wazee walitutuliza kwamba msitu wa Kilimanjaro hauungui, una maji. Kuna ukweli ndani yake, ule msitu wa kati una unyevu mwingi na ndiyo ngao yetu. Ila mimi nilikuwa nimepita Mandara mara nyingi wakati wa kiangazi. Zile nyuzi za kijani zinazoning'inia kwenye matawi ya juu, zilizo kama ndevu za babu, wakati wa mvua ukizikamua zinatoa maji, lakini Oktoba ukizishika zinavunjika mkononi. Sikuwaambia wazee. Usingizi wao ulikuwa na thamani kuliko ujuzi wangu.

Jumatatu mwenyekiti wa kijiji alipita akiomba vijana wa kujitolea, hasa wanaoujua mlima. Nani anaujua mlima kama mgumu? Mama hakunizuia. Alinifungia viazi na parachichi, akaniuliza jambo moja tu: "Ukifika huko, angalia chanzo cha mfongo wetu kama kimeguswa." Mfongo ni mfereji wa maji wa ukoo wetu. Hakusema nijihadhari. Nilicheka njiani, nikawaambia wenzangu kwamba mama yangu ana mfereji mmoja na watoto watano, na mfereji ndio kifungua mimba.

Tulipandishwa na askari wa hifadhi, tukakutana na watu wa Zimamoto, wanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, na watu wa vijiji vya chini ambao baadhi yao walikuwa hawajawahi kuvuka geti maishani. Tangazo lilisema waliojitolea walizidi 500. Kazi yetu wagumu ilikuwa ileile ya siku zote, kubeba, ila safari hii madumu ya maji ya kunywa, mikate na mablanketi badala ya viti vya wageni. Na ukishatua mzigo unapewa tawi bichi, unaingia kwenye mstari.

Watu hudhani moto unazimwa kwa maji. Pale juu, zaidi ya mita 3,000, hakuna gari la zimamoto litakalofika, na mito yenyewe wakati ule ilikuwa vijito. Moto unaupiga kwa tawi: unaushindilia, unaukokota kurudi kule ulikokwisha kuungua, hauinui tawi juu, maana ukiinua unapeperusha cheche nyuma yako. Wenye mapanga na majembe wanatangulia kukata mkanda wa kuzuia moto, wanang'oa kila kinachoweza kuungua mpaka udongo uonekane. Mbele unaungua uso, mgongoni baridi ya Horombo inakukata. Mtu alikuwa anageuka kila baada ya muda kama anayeota jua, na hakuna aliyemcheka.

Vile vichaka vya erika vina mafuta. Vikishika vinalia, kisha vinalipuka vyote kwa pamoja. Lakini kilichonishangaza zaidi ni senesio, ile miti mifupi minene inayosimama mabondeni. Jani lake likifa halidondoki. Linajikunja na kushikamana na shina, majani ya miaka na miaka, mpaka mti unakuwa umevaa koti zito linaloukinga na barafu ya usiku. Nilikuwa nimewahi kuwaeleza wageni habari hiyo kwa Kiingereza cha kubahatisha ili nipate bakshishi. Usiku ule nilizitazama zikiwaka moja baada ya nyingine, kuanzia chini kwenda juu, kwa koti lilelile.

Na moto wa mlimani una hila. Unauzima, unakunywa chai, unageuka, umetokea hatua ishirini nyuma yako. Ardhi ya kule imejaa mizizi na mboji ya kale, unatambaa humo ndani bila ndimi, unatoa kamoshi kembamba tu. Tuliambiwa tutembee tukigusa udongo kwa kiganja. Penye joto, unafukua.

Wakati wa kupumzika nilimweleza mwanafunzi mmoja wa Mweka agizo la mama. Nilitarajia acheke. Akaniambia mama yangu kawazidi wengi waliokuwa pale. Wengi tunadhani maji yetu yanatoka kwenye theluji ya Kibo, akasema, kumbe sehemu kubwa mno ni ya msitu: mvua, na ukungu unaonaswa na miti ya juu na kudondoka tone kwa tone hata siku isiyo na mvua. Kila moto mkubwa unaipunguza ile miti ya juu, mpaka wa msitu unashuka, vichaka vinachukua nafasi yake, na kichaka hakinasi ukungu kama mti. Imekuwa hivyo kwa miongo kadhaa. Nimepita chini ya miti ile miaka yote nikilaani matone yanayoniingia shingoni.

Chanzo cha mfongo wetu kilikuwa salama. Nilihakikisha wakati wa kushuka, nikiwa nimechakaa, sauti imekauka, nakohoa makohozi meusi. Mama alinipa maziwa ya moto na kuniuliza habari za mfongo kabla ya kuniuliza habari zangu. Kule juu wenzetu waliendelea, na baadaye ikatangazwa kwamba zimeungua kilomita za mraba 95.5. Nilijaribu kuliona eneo hilo akilini nikashindwa. Nikaona tu vibonde ninavyovijua, kimoja kimoja.

Halafu likazuka jambo ambalo sikulitegemea. Siku nilizokuwa mlimani kulikuwa na siku ya kusafisha mfongo, na kwetu anayekosa bila udhuru hulipa faini ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Jina langu likasomwa kwenye kikao. Mzee mmoja akasimama, akatoa hoja iliyonyooka kabisa: moto ni wa serikali, hifadhi ni ya serikali, lakini mfongo ni wa ukoo, na wa ukoo hauachwi kwa ajili ya wa serikali. Wengine wakasema kijana alikuwa anazima moto, si alikuwa Himo anakunywa. Mzee akajibu kwamba hata anayezima moto angeweza kutuma mdogo wake.

Mama aliomba nafasi. Kwa kawaida wanawake hawasemi sana kwenye kikao kile, lakini alimwamkia mzee vizuri, akamuuliza kama usiku wa Jumanne alilala. Mzee akakiri hakulala, kwa moshi.

Walijadiliana mpaka giza. Mwishowe nikatozwa debe moja badala ya mawili, mama akalipika yeye mwenyewe, na lilipoiva tulilinywa wote, mzee akiwa wa kwanza kupokea kata, akilalamika kwamba ulezi haukutosha.