Supu ya mifupa inayoganda: mfupa wa kuchagua, maji ya kutosha, moto mdogo

Supu ya mifupa ipime ikiwa baridi. Chota kikombe kimoja, kiweke kwenye friji hadi asubuhi, kisha kiinamishe. Iliyopikwa vizuri haimwagiki: imeganda, na ukiigusa kwa kijiko inatikisika yote kwa pamoja. Iliyobaki majimaji inaweza kuwa na chumvi ya kutosha na harufu nzuri ya tangawizi, lakini mali yake bado iko kwenye mifupa uliyotupa. Majiko mengi ya hapa Mwanza hutoa hiyo ya pili, na mara nyingi sababu ni mifupa isiyofaa, maji mengi au moto mkali. Kwa kawaida ni zote tatu kwa mpigo.

Kinachogandisha supu ni kolajeni, protini iliyo kwenye ngozi, kano, gegedu na maungio ya mifupa. Ikikaa saa nyingi kwenye maji ya moto huachana na kugeuka jelatini, nayo huyeyukia kwenye supu. Uboho haufanyi kazi hiyo. Uboho ni mafuta na utamu. Ndiyo maana sufuria iliyojaa mifupa minene ya paja tu hutoa supu yenye mafuta juu na maji chini, hata ukiipika mchana kutwa.

Kwa hiyo ukifika bucha usiseme tu "nipimie mifupa ya supu", maana utapewa kilichobaki kwenye gogo. Taja unachotaka. Kwa sufuria ya lita kumi, mimi huona mchanganyiko huu ndio unaofanya kazi: kongoro moja zima (kwa kawaida kilo moja hadi moja na nusu), kilo moja ya magoti na maungio mengine yenye gegedu nyeupe inayong'aa, na nusu kilo ya mifupa yenye uboho. Ukipata kipande cha mkia au shingo, ongeza, kwa sababu vina nyama kidogo na ladha nyingi. Bila kongoro au magoti, ahirisha siku ya supu. Na hakikisha bucha inauza nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Kuchemsha muda mrefu hakusafishi kila ubaya wa mnyama aliyekufa mwenyewe, na wewe utakuwa umeshaishika nyama hiyo kwa mikono kabla haijafika motoni.

Kongoro likague kwa pua kabla ya macho. Lililobabuliwa kwa moto safi hunuka moshi wa kawaida. Likinuka mafuta ya taa au plastiki iliyoungua, liache hapohapo, kwa sababu harufu hiyo hukaa kwenye ngozi na haitoki kwa kuosha wala kwa ndimu. Nyumbani lirudishe juu ya mkaa dakika chache kuunguza nywele zilizobaki katikati ya vidole, likwangue kwa kisu, kisha lisugue kwa maji ya moto na chumvi.

Namna ya kukata nayo ina maana. Bucha nyingi hukata kwa shoka juu ya gogo, na shoka huacha vipande vidogo vikali vya mfupa ambavyo huzama chini ya sufuria na kumsubiri mtoto. Mashine ya msumeno hukata vizuri zaidi lakini huacha unga wa mfupa unaofanya supu iwe na chengachenga. Vyovyote vilivyokatwa, osha kila kipande peke yake chini ya maji yanayotiririka, na mwishoni chuja kwa kitambaa. Vipande vya urefu wa vidole vinne vinatosha.

Sasa maandalizi, ambayo wengi huyaruka. Loweka mifupa yote kwenye maji baridi saa moja, ukibadili maji mara mbili, ili damu itoke. Kisha iweke kwenye sufuria, ifunike kwa maji baridi, chemsha kwa moto mkali dakika kumi, halafu mwaga maji yote. Osha mifupa, osha na sufuria. Kuna wanaoona uchungu kumwaga maji hayo wakidhani wanamwaga lishe. Wasiwe na wasiwasi: kolajeni inahitaji saa nyingi kutoka, dakika kumi haziigusi. Unachomwaga ni damu iliyoganda, povu la kijivu na ile shombo inayowafanya watu wajaze viungo ili kuificha.

Rudisha mifupa, weka maji baridi lita nne. Kipimo cha macho ni maji yazidi mifupa kwa vidole viwili vilivyolala, basi. Ukijaza sufuria hadi juu kwa kuwa wageni ni wengi, umegawa jelatini ileile kwa maji maradufu, na hakuna saa za kupika zitakazoirekebisha. Maji yawe baridi kwa sababu protini zinazofanya supu isiwe angavu hutoka taratibu, zinashikana na kupanda juu kama povu unaloweza kuliengua kwa upawa. Ukianza na maji yanayochemka, hukazana palepale zikiwa chembechembe na kubaki ndani ya supu.

Hapo ndipo moto unapoamua kila kitu. Yapandishe maji polepole, engua povu kwa nusu saa ya kwanza, kisha shusha moto hadi uone viputo viwili vitatu vinapanda upande mmoja wa sufuria, vinapasuka, kisha kimya kidogo. Supu ikichemka kwa nguvu, mafuta husagwa kuwa matone madogo mno yanayochanganyika na maji, na unapata rangi ya maziwa machafu na ladha nzito inayobaki kwenye ulimi. Zaidi ya hapo, jelatini iliyochemshwa kwa fujo saa nyingi huanza kukatikakatika na kupoteza nguvu ya kugandisha. Acha mfuniko wazi kidogo, kwa sababu sufuria iliyofunikwa kabisa hupanda joto na kuchemka bila wewe kuona.

Jambo la mahali: Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hapa maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Maelezo ya mapishi yaliyoandikwa Dar es Salaam au Tanga yanaweza kusema saa nne ambapo kongoro la hapa linadai tano. Kongoro haliko tayari kwa sababu ya saa. Liko tayari ngozi ikikatika kwa upande wa kijiko na kano zikiachia mfupa zenyewe.

Likifika hapo, litoe, chambua nyama na ngozi uweke pembeni kwa kula, kisha rudisha mifupa mitupu iendelee. Ukiacha vyote hadi mwisho, nyama inakuwa nyuzi zisizo na ladha. Kwa jumla, makongoro na magoti ya ng'ombe yanataka saa nane hadi kumi, mbuzi saa nne hadi tano, kuku saa tatu. Kwa kuku, tafuta miguu. Nusu kilo ya miguu iliyomenywa na kukatwa kucha hugandisha kuliko mifupa ya kuku mzima wa kisasa, na kuku wa mayai aliyezeeka ana supu nzuri kuliko kijana wa wiki tano.

Kwa jiko la mkaa, saa nane zinawezekana bila kumaliza gunia. Maji yakishapanda, toa theluthi mbili ya mkaa, funika uliobaki kwa majivu, na ufunge mlango wa chini uachwe upenyo wa kidole. Ongeza vipande vitatu vinne kila baada ya saa moja na nusu, uviwashe kwanza pembeni. Lakini jiko hilo likae nje au mahali penye hewa ya kutosha, na lisiachwe ndani usiku watu wakiwa wamelala. Mkaa unaofukuta chini ya majivu hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, na inaua. Ukishindwa kumaliza kwa siku moja, zima, poza kama nitakavyoeleza, endelea kesho.

Mwenye presha kuka amerahisishiwa. Ndani yake joto hupanda hadi karibu nyuzi 118, kwa hiyo kongoro huiva kwa saa moja na nusu na mifupa yote hukamuliwa kwa saa tatu. Usijaze zaidi ya theluthi mbili. Engua povu kabla ya kufunga, maana povu ndilo linaloziba tundu la mvuke. Na usiifungue kwa kuachia mvuke ghafla: supu itachemka kwa kishindo ndani na kuvurugika. Iache ishuke yenyewe.

Viungo vije kwa zamu. Kitunguu maji kilichokatwa nusu, karoti moja na punje kumi za pilipili manga, saa mbili za mwisho. Tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, iliyopondwa, saa ya mwisho. Kitunguu saumu dakika ishirini za mwisho, kwa sababu kikipikwa saa nane huacha uchungu na harufu ya kabichi iliyochacha. Kotimiri na ndimu viende kwenye bakuli, visiende kwenye sufuria. Chumvi mwisho kabisa, baada ya kuchuja, maana supu hupungua na chumvi haipungui. Supu ya mtoto aliye chini ya mwaka mmoja itenge kabla ya chumvi.

Kuhusu siki: vijiko viwili vya chakula kwa lita nne havina ubaya, ila visikudanganye kwamba vimehamisha chokaa yote ya mfupa kwenye kikombe. Kalsiamu inayotoka ni kidogo. Anayetafuta kalsiamu katika ukanda huu ale dagaa, ambao huliwa na mifupa yao yote. Vilevile isikudanganye ile kauli kwamba supu ya makongoro inakwenda moja kwa moja kuongeza ute wa magoti. Tumbo huvunja jelatini vipande vidogo kama linavyovunja protini nyingine, na mwili huvipeleka unakotaka. Supu ni chakula kizuri, chenye joto, kinachomezeka kwa mgonjwa na mama aliyejifungua, na hiyo inatosha kuipika. Mwenye gauti aende nayo taratibu na amuulize daktari wake.

Tunaoishi kando ya ziwa tuna supu nyingine ya mifupa, tena ya nusu saa: mapanki (mifupa inayobaki baada ya kutoa minofu) na vichwa vya sangara. Kanuni zake karibu zote ni kinyume. Kolajeni ya samaki huyeyuka kwenye joto dogo, kwa hiyo dakika 30 hadi 40 zinatosha. Ukipita hapo mifupa myembamba huanza kutoa uchungu na vumbi la chokaa. Kichwa cha kilo moja na nusu kinataka lita mbili za maji. Toa mashavu yale mekundu ya kupumulia yote, hata yakiwa mabichi yanang'aa, kwa sababu ndiko damu ilikojaa na ndiko shombo inakotoka, na kwangua damu iliyoshikilia kwenye uti wa mgongo. Sangara ana mafuta mengi. Engua yanapopanda, usiyaache yachemke. Tangawizi nyingi, nyanya ukipenda, ndimu baada ya kuepua. Ukitaka supu nyepesi inayoonekana hadi chini ya bakuli, tumia vichwa vya sato.

Kupoza ndiko kunakoharibu supu nyingi nzuri. Sufuria ya lita tatu ikiachwa juu ya meza hukaa vuguvugu saa nyingi, na kuna vijidudu ambavyo mbegu zake huvumilia kuchemshwa, kisha huamka katika joto hilo hasa. Chuja, gawa kwenye vyombo vifupi, viweke kwenye beseni la maji baridi, koroga, badili maji yakipata moto mara tatu au nne. Ndani ya saa mbili supu iwe imeingia kwenye friji. Hukaa siku tatu hadi nne. Kwenye friza, miezi mitatu, ukiacha nafasi ya vidole viwili juu ya chombo kwa kuwa ikiganda hutanuka. Kama nafasi ni ndogo, chemsha supu iliyochujwa na kutolewa mafuta hadi ibaki nusu, uiongezee maji siku ya kuitumia. Hapo moto mkali hauna shida sana, kwani mafuta umeshayatoa. Asiye na friji apike ya kumaliza siku hiyohiyo.

Mafuta yaliyoganda juu yatoe, yanafaa kukaangia vitunguu. Supu yenyewe itumie mahali ulipokuwa unatumia maji: kwenye maharage, kwenye wali, kwenye nsansa (mboga ya majani makavu), kwenye ndizi za nyama. Ikitoka friji, ichemshe kwelikweli kabla ya kula, na upashe kiasi unachokula tu.

Ikiwa asubuhi haikuganda, bado kuna la kufanya. Ionje bila chumvi. Ikiwa nyepesi, maji yalizidi: ipunguze kwa kuchemsha bila mfuniko. Ikiwa ina ladha nzito lakini majimaji, mifupa haikuwa na gegedu: nunua kongoro au miguu ya kuku, irudishe motoni nayo saa tano au tatu. Ikiwa ina rangi ya maziwa machafu, moto ulizidi. Inalika, ila rangi hiyo haitatoka yenyewe. Ikiwa na uchachu ambao hukuutia wewe, mwaga, usiionje mara ya pili.